Samsung 870 EVO 500GB kwenye laptopu ya zamani: inafaa sana, ila iachie nafasi

Hii ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na kwa mwenye haraka jibu ni inunue. Kama laptopu yako bado ina ile hard disk ya kuzunguka, hii ndo hela ya kwanza kutoa kabla hata hujafikiria kuongeza ramu. Mimi nimeifunga kwenye ThinkPad T430, mashine ya 2012, na ile kero ya kuwasha halafu unakuta diski imekaa asilimia 100 kwenye Task Manager wakati hujafungua kitu chochote imeisha kabisa.

Kuifunga huhitaji fundi. Toa betri, fungua skrubu moja ya kile kifuniko cha pembeni, vuta diski ya zamani taratibu, chomoa raba mbili za ubavuni uzihamishie kwenye SSD, sukuma mpaka ikae vizuri basi. Ila kabla ya kupiga Windows ingia kwanza kwenye bayosi (mipangilio ya laptopu inayofunguka kabla ya Windows) uhakikishe SATA, yaani njia inayounganisha diski na laptopu, iko kwenye mode ya AHCI, maana ukibadilisha baadae Windows inaweza kugoma kuwaka.

Sasa kwenye kudumu ndo watu wanahangaika na vitu visivyo na maana, mara zima page file (faili la kwenye diski ambalo Windows hulitumia kusaidia ramu), mara hamisha faili za temp, eti SSD isiishe. Jamani hii ya 500GB Samsung wameipa waranti ya miaka 5 au TB 300 za kuandika, piga hesabu, hata ukiandika GB 20 kila siku ni kama TB 7 kwa mwaka, yaani miaka 40 kufika huko, laptopu yenyewe itakuwa imeshakufa zamani.

Cha muhimu ni TRIM na nafasi. Ukifuta faili SSD haijui kama pale pako huru mpaka Windows iiambie, na TRIM ndo kazi yake hiyo, bila hiyo inaendelea kubeba takataka na kuzihamisha hamisha ndani kwa ndani, inachoka na inakuwa nzito. Fungua Command Prompt kama admin, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, kwenye mstari wa NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ikileta 0 TRIM imewaka, uko salama. Wa Linux washa fstrim.timer, itafanya yenyewe kila wiki. Programu za defragi (za kupanga upya vipande vya faili) za kudownload achana nazo, ile Optimize Drives ya Windows inajua hii ni SSD, iache ifanye kazi yake.

Halafu usiijaze! Mimi naacha asilimia 15 hivi wazi muda wote, kwasababu ikibanwa inakosa pa kupangia data na kuandika kunakuwa kwa kusuasua. Programu ya Samsung Magician inaweza kukutengea hiyo nafasi, na hapo hapo uangalie apdeti ya firmware (programu ya ndani ya SSD yenyewe), hiyo usiipuuze.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi ni umeme. Hii haina kinga ya umeme kukatika ghafla kama SSD za seva, na T430 nyingi mtaani betri zimekufa zinatumika za kuchomeka tu, umeme ukikatika katikati ya kuandika faili zinaweza kuharibika. Nunua betri, kweli kabisa.

Kuna Kingston A400 ya 480GB kwa wanaobana bajeti, lakini ile haina DRAM (kumbukumbu ya ndani inayoisaidia SSD kwenda haraka), TB zake za kuandika ni 160 na waranti miaka 3, kwahiyo kwa mtu anayeedit video au kufungua database kubwa naona tofauti ya bei inastahili. Kwa kazi za Word na kubrowse A400 inatosha. Na kama laptopu yako ina tundu la NVMe (aina ya SSD yenye kasi kuliko za SATA) usinunue yoyote kati ya hizi, SATA mwisho wake ni kama MB 560 kwa sekunde na NVMe ya kawaida tu inapita hapo mbali sana.