Fundi wa majuzuu, Ndia Kuu: madaftari 11 ya Baba

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Shilingi 850 kwa daftari, kushona na jalada gumu la kitambaa. Ukitaka herufi za dhahabu mgongoni, ongeza 150. Madaftari yangu yalikuwa 11, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Mimi ni wakala wa forodha pale bandari ya Kilindini, Mombasa, kuvutana na watu juu ya bei ndiyo kazi inayonilisha, lakini mzee huyu anayejalidi vitabu hapunguzi. Ukiendelea kumsihi hakujibu wala hakasiriki, anarudi kwenye sindano yake kana kwamba umeshaondoka. Nililipa kamili. Kasoro daftari moja, na hilo nitalifikia.

Duka halina bango. Ukitoka Fort Jesus ukashika Ndia Kuu kuelekea Msikiti wa Mandhry, angalia baraza yenye mkeka uliotandikwa misahafu iliyofunguliwa ikipunga upepo. Usipoiona, muulize muuza kahawa akuonyeshe kwa fundi wa majuzuu. Kazi yake kubwa ndiyo hiyo: misahafu ya misikiti, vitabu vya madrasa, na yale maboksi ya juzuu 30, yaani sehemu za Kurani, tunayogawana kwenye hitma ya kumsomea marehemu.

Nami nilimjulia kwenye hitma. Arubaini ya Baba tuliisomea nyumbani, juzuu tukaziazima msikitini. Mimi niliangukiwa na ya 17, inayoanza na Suratul Anbiyaa. Nilipoifungua nikaona imeshonwa upya katikati kwa uzi mweupe, mishono imelala sawasawa kama ya kofia ya vito. Nilikuwa nimelia tangu asubuhi. Nikaacha kulia nikawa naangalia uzi. Tulipomaliza dua nikamuuliza shangazi ni nani aliyefanya kazi ile, akaniambia.

Baba alikuwa profesa wa mimea, na mimea yenyewe ilikuwa mikoko. Alifundisha chuo kikuu miaka 31, lakini ukimtafuta likizo humkuti nyumbani, yuko matopeni: Gazi, Tudor, Mwache, Mtwapa. Vijijini wakimwita daktari, na kule Gazi palikuwa na bibi mmoja ambaye kila Baba akifika humletea goti lake. Baba alieleza mara nyingi kwamba udaktari wake ni wa miti. Mwisho alichoka, akawa kila safari anabeba chupa ya dawa ya kuchua.

Msibani walikuja wanafunzi wake, watu wazima sasa, wengine wana mvi kuliko yeye alivyokuwa nazo. Mmoja alisema Profesa alimkata alama nyingi kwa kuita kila mti wa matopeni "mkoko". Nikamwambia pole ndugu yangu, sisi tumezaliwa humo. Kwetu, mkoko ulikuwa mkoko, mchu ukawa mchu, mlilana ukawa mlilana. Aina za Kenya ni tisa, nasi tulizitaja zote kwa vidole kabla hatujajua hesabu za mara.

Basi aliacha madaftari. Ya mwanzo ni ya 1986, ya mwisho ni ya mwaka aliostaafu. Aliandika kwa penseli tu, kwa sababu wino ukipata maji ya chumvi huondoka na kazi ya wiki nzima. Penseli imekaa, daftari ndizo zilizochoka: pini zimekula kutu zikaacha madoa ya rangi ya chai, kurasa zimeachana, mawili yameota kuvu. Kabla ya kwenda kwa fundi nilipitia duka moja la kutoa kopi karibu na ofisi yetu. Kijana akalipokea daftari la 1998, akaliingiza mdomoni mwa mashine ya kutoboa ili alipitishe waya wa plastiki pembeni. Nililinyakua. Alinitazama kama mwendawazimu, na haki yake.

Mzee wa Ndia Kuu alilishika daftari lile lile, akalinusa. Sitanii, alilinusa kama mtu anayenunua samaki.

"Hili limeingia bahari."

"Mara nyingi, ami."

"Wataka nilisafishe?"

Nikasema la. "Vyema," akasema. "Tope likishakaa miaka yote hii, ukilitoa latoka na karatasi yake."

Hapo nikaketi. Mle ndani pana kigoda kimoja cha wateja na joto la kutosha watu kumi. Chumba ni chembamba, na nilipoinua macho nikaona dari ni ya boriti za mkoko, nyeusi kwa umri. Nikazihesabu, kwa sababu Baba angezihesabu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Mji wa Kale ni vyembamba vile: upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti haiwi ndefu kuliko mti ulivyokua. Alikuwa akiingia nyumba za watu kwenye harusi, watu wanaangalia bibi harusi, yeye anaangalia dari. Mzee naye alikumbuka majahazi yakipakia boriti kwenda Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje, 1982. Tukazungumza majina ya unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kazi ikalala. Hii ni faida ya duka hili au hasara yake, inategemea una haraka gani.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Anachomoa pini moja moja kwa koleo ndogo, wala havuti, anazikunjua kwanza. Kurasa zilizoachana anaziunga kwa ukanda wa karatasi nyembamba, anazipanga mafungu mafungu, anatoboa matundu kwa sindano nene yenye mpini wa mti, halafu anashona. Uzi anaupitisha kwenye kipande cha nta kabla haujaingia kitabuni. Gundi yake ni unga wa ngano anaoupika mwenyewe na kutia shabu, wadudu wasiile. Kisha kitabu kinaingia kwenye shinikizo la chuma lenye gurudumu juu, kinakaa humo siku kadhaa. Hakuna umeme katika hatua hata moja, isipokuwa feni, nayo ameielekeza kwenye vitabu. Mteja atajijua.

Lile daftari la 1998 ndilo lililonifanya niandike haya. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi ya mikoko ya Mwache. Mizizi ile inayochomoza matopeni ndiyo pua za mti, ukiifukia mti unakosa pumzi. Baba alikwenda kuhesabu iliyokufa. Kuna ukurasa ameandika mstari mmoja tu: "Michu imekufa imesimama." Baada ya hapo ni namba, kurasa sita za namba.

Katikati ya namba hizo palikuwa na jani la mchu. Sikujua kama limo. Jani la mchu hutoa chumvi, mti unakunywa maji ya bahari na kuitema chumvi juu ya jani, mpaka kiangazi unaweza kuiona inameta. Tulipokuwa wadogo Baba alikuwa akituchumia jani, anasema, "Ramba." Tunaramba, tunakunja uso, yeye anacheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Jani lile la 1998 limekuwa kahawia, jepesi kama ganda la kitunguu, na limeacha kivuli chake kwenye kurasa zote mbili.

Fundi yeyote angelipeperusha. Huyu aliliinua kwa ncha ya kisu, akalilaza kwenye karatasi safi, akaandika kando kwa penseli lilikotoka, ukurasa wa ngapi na kichwa chake kimeelekea wapi. Alipomaliza kujalidi alitengeneza mfuko mdogo wa karatasi ndani ya jalada la nyuma, jani likaingia humo. Sikumwagiza. Hakunitoza.

Nije kwenye lawama. Ahadi yake ni "ndoo Alhamisi inshallah", yaani njoo, na Alhamisi zenyewe zilikuwa tano. Ya tatu nilikwenda nimejaa, nikamwambia kwamba mimi kazini mzigo ukichelewa siku moja kuna mtu analipa. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba ni masika, gundi haikauki, na gundi haina haraka ya meli zenu. Sikuwa na la kusema.

Lakini kubwa ni la daftari la 2003. Kitabu kikishashonwa, desturi yake ni kukata kingo tatu kwa kile kisu kikubwa cha mkono ili kurasa ziwe sawa. Kwa msahafu ni sawa, pembeni hapana kitu. Baba alikuwa akiandika mpaka mwisho wa karatasi, na ukingoni ndipo alipoweka mambo yasiyo ya chuo: madeni, ada zetu za shule, vitu vya kununua akirudi. Fundi alikata. Nusu kidole hivi, tena kidole chembamba, lakini alikata.

Nilipoona sikupiga kelele, nilinyamaza tu, na nadhani hilo ndilo lililomtisha. Akatoka nyuma na gunia la vipande, akalimwaga barazani, tukakaa wawili kuchambua. Vipande vya misahafu, vya vitabu vya hesabu za duka, vya wenyewe. Tulivipata vingi vya Baba, vinajulikana kwa tope. Mzee akavibandika kimoja kimoja mahali pake kwa karatasi nyembamba, mpaka adhana ya Magharibi. Muuza kahawa alituletea vikombe mara mbili, akalipa mzee. Na shilingi 1,000 za daftari lile akanirudishia mkononi. Sikukataa.

Kipande kimoja hakikuonekana. Ukurasa ni wa Agosti, Baba yuko Gazi, na pembeni amemwandikia nafsi yake: "Usirudi bila ma". Basi. Nilimpelekea Mama. Akavaa miwani, akasema mahamri, lazima ni mahamri, kuna mwanamke wa njiani ambaye Baba alikuwa akiyapenda yake. Kaka yangu anasema mafuta, gari lile la zamani lilikuwa likinywa mafuta vibaya. Mdogo wetu anasema ni madafu. Wameshabishana wiki mbili na hakuna anayetaka kushindwa, na tangu arubaini hatujawahi kukaa sebuleni kwa muda mrefu hivyo.

Kwa ufupi wa mambo ya kwenda: anafungua baada ya saa tatu asubuhi, Ijumaa anafunga mapema, malipo ni taslimu au M-Pesa kwenye simu yake. Mgongo ukiwa mwembamba usilazimishe jina zima na cheo, mimi nilitaka "Profesa" akanishauri mwaka peke yake unatosha, na sasa kabatini naona miaka 11 ya dhahabu imesimama. Kama unaweza, peleka wakati wa kaskazi, gundi inakauka. Na kabla hujamwachia kitu kilichoandikwa kwa mkono mwambie asikate kingo, mwambie mara mbili, na mwandikie kwenye karatasi ubandike juu ya jalada. Mimi nimemwachia barua za Baba kwa Mama wiki iliyopita, nimeandika USIKATE kwa kalamu nyekundu. Amesema Alhamisi.