Maksi zangu kwa wachezaji wa Yanga baada ya kumpiga Simba tano, na naanza na Aucho

Wananchi, yani wana Yanga wenzangu, mko poa? Najua mko poa, tangu Jumapili tarehe 5 Novemba 2023 hakuna mwana Yanga anaeumwa nchi hii. Kila kona ni vidole vitano tu, konda anakurudishia chenji anakunyooshea mkono, mangi dukani nae hivohivo, yani raha. Na tuna haki jamani, ile tano bila tuliyopigwa na Simba mwaka 2012 tumekula nayo ugali miaka 11 mizima, tena siku ile mpaka kipa wao Kaseja alitufunga penalti, kila tukikaribia derby lazima mtu akuulize mnataka ngapi safari hii. Sasa hilo deni limelipwa, Simba 1 Yanga 5, tena wao ndo walikuwa wenyeji.

Ila mi nina langu. Naona kila mtu anamuongelea Maxi, Maxi, Maxi, na wengine Aziz Ki. Sawa wamefunga, nani asiependa magoli. Lakini mi nilikuwepo uwanjani na mchezaji wangu wa mechi ni kiungo mkabaji wetu Khalid Aucho na nafasi ya pili nampa kiungo mwenzake Mudathir, na ukinibishia nipe sababu sio matusi.

Kwanza niseme nilikaa wapi maana watu watauliza. Mzunguko, nyuma ya goli, juujuu kabisa. Wenye hela zao wanapadharau lakini kwa mtu anaependa kusoma mpira huko ndo kwenyewe, kwenye tv kamera inafuata mpira tu, ukiwa juu unaona timu nzima imesimamaje, nani anakimbia bila mpira na nani anatembea. Shida ya mzunguko ni jua, mechi ni saa 11 jioni ila kiti unakitafuta mapema, maji bei imepaa na kuingia getini ni kusukumana, unagonga N-Card yako, ile kadi ya kiingilio, huku umebanwa pande zote. Siku ya derby tumeshazoea, tuendelee.

Aucho. Simba yote ya msimu huu wa 2023/24 inapita kwa viungo wao Chama na Saido. Wale jamaa ukiwaachia wageuke na mpira wakakutazama umeisha, Chama hata hahitaji kukimbia, anakupigia pasi moja mshambuliaji wao Baleke yuko na kipa. Sasa rudini kwenye marudio muangalie, Aucho kazi yake ilikuwa moja, hao watu wasigeuke. Wakipokea mpira wamegeukia goli lao, Daktari, yani Aucho, yuko mgongoni, hawakati wala harukii, anasimama tu karibu wanarudisha nyuma. Wanarudisha nyuma tena. Ukimrudisha Chama nyuma kila mara inafika sehemu anashuka mwenyewe kuufuata mpira kwa mabeki wake, na akishashuka huko Simba mbele inabaki na Baleke peke yake kati ya mabeki wetu Job na Bacca, ameishia kupiga kelele za kuomba mpira. Hiyo ndo mechi, magoli yalikuja baadae.

Na kingine cha Aucho ni utulivu. Derby ya Kariakoo wachezaji wengi akili zinaruka, mtu akipata mpira anabutua tu akimbie lawama, Mganda yule anapokea katikati ya watu watatu, anauweka mguu wa pili, anampa beki wa pembeni, Yao au Lomalisa, kama yuko mazoezini kwetu Avic. Kuna wanaosema ni mzito, hana spidi. Spidi ya nini wakati mpira ukifika alishafika? 9.5, ile nusu nimemkata kwa sababu sijawahi kumpa mtu kumi.

Mudathir nampa 9. Huyu mtoto wa Kizanzibari tumemchukua baada ya kuachana na Azam, wapo waliosema tunaokota makapi. Aende sasa mtu amwambie ni makapi. Aucho akikaa yeye anakimbia, kabisa hachoki, namba anayocheza ni kama mbili kwa wakati mmoja. Viungo wa Simba, Ngoma na Mzamiru, kipindi cha pili walikuwa hawajui wamkabe nani, wakimfuata Mudathir anaepanda, Pacome yuko huru nyuma yao, wakibaki na Pacome, Mudathir yupo kwenye boksi. Siku hii hakufunga, hatukuiona ile staili yake ya kushangilia kwa kupiga simu, ila kuna mbio zake hazina goli wala asisti na ndo zilizofungua njia. Mtu wa takwimu hawezi kuliona hili.

Sasa tusidanganyane, kipindi cha kwanza hatukuwa wa moto kivile. Tumeanza vizuri, dakika ya 3 tu krosi ya Yao Musonda kaweka, uwanja umelipuka, halafu tukalewa. Dakika ya 9 Kibu Denis wa Simba karudisha. Kibu huyohuyo alietufunga Aprili kwenye ile mbili bila, sasa mtu anakufunga mara ya kwanza unasema bahati, mara ya pili unatakiwa ujue anapokaa. Hapo nawakata maksi mabeki wangu wote wa kati, Job 7.5 na Bacca 7.5, na ni kwa sababu dakika zilizobaki walikuwa vizuri sana la sivyo wangepata 6. Job naomba niseme, watu wanasema mfupi mfupi, ufupi haujawahi kumsumbua kwa sababu anasoma mpira mapema, Bacca yeye ni nguvu na mbio, wanakamilishana. Tumeenda mapumziko 1-1 na mi moyoni nilikuwa nasema sare sio mbaya, tukumbuke Agosti pale Mkwakwani Tanga Simba wametufunga kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii na kipa wao Ally Salim alizicheza tatu, hofu ilikuwepo.

Yao Kouassi 8.5. Wakati Djuma anaondoka niliumia, nikasema beki ya kulia hatutapata mwingine wa vile. Huyu katoka ASEC ya Ivory Coast pamoja na Pacome, na kiukweli anapiga krosi za kusoma, haangalii chini akabahatisha. Alafu anakaba, jamani, anakaba mpaka unamuonea huruma winga. Lomalisa 7, kazi ya kawaida, hakuharibu hakung'ara. Kipa wetu Diarra nae 7 kwa sababu hakupata mtihani mkubwa baada ya lile goli, miguu yake ndo ilitumika zaidi ya mikono, anaanzisha mashambulizi kama kiungo.

Haya tuje kwa wenye magoli yao msije mkanipiga.

Maxi Nzengeli 9. Magoli mawili, dakika ya 64 na 77. Sio kwamba simkubali, namkubali mno, nilimuona mechi za mwanzo wa msimu nikasema huyu bwana mdogo wa Maniema ametumwa. Kitu kinachomfanya awe hatari hana sehemu moja ya kukaa, unamtafuta pembeni yuko kati, unamtafuta kati katokea mgongoni kwa beki wao Tshabalala. Na anakaba! Winga wa Kiafrika anaerudi kukaba bila kufokewa ni wa kutunza. Lile goli la 64 ndo lilivunja mgongo wa Simba maana mpaka hapo walikuwa wanaamini bado wapo mchezoni, baada ya pale ni kama mtu kawazimia taa. Dakika 23 magoli manne jamani. Manne!

Aziz Ki 8. Kafunga la tatu dakika ya 73, na katoka kumpiga Azam hat trick juzijuzi hapa, yuko kwenye fomu ya maisha yake. Lakini nyie mashabiki wa Aziz Ki msimuharibu, kipindi cha kwanza alipoteza mipira mingi ya kizembe, pasi ya mita tano anaipiga kwa kisigino. Kama tunaongoza sawa cheza, mkiwa sare na Mnyama acha visigino. Msimu uliopita ulikuwa unamuona mechi moja yupo tatu hayupo, msimu huu kabadilika na naamini sababu ni kwamba amezungukwa na watu wanaojua mpira, habebi mzigo peke yake.

Pacome 7.5, kafunga penalti dakika ya 87 akaweka muhuri. Ni fundi, mguso wake wa kwanza tu unalipia kiingilio, ila siku hii alikuwa wa kawaida kwa kiwango chake yeye. Kiwango chake cha kawaida bado ni kikubwa kuliko viungo wengi wa ligi hii.

Musonda 7, na hapa nataka nikae kidogo. Tangu mshambuliaji wetu Mayele aondoke kwenda Pyramids ya Misri hakuna siku imepita bila mtu kusema Yanga haina namba tisa. Musonda hakamii goli kama Mayele, hilo kweli, wala akifunga hatetemi kama yeye hata kwa kuigiza. Lakini angalieni anachofanya, anawavuta mabeki wa kati wa Simba, Inonga na Che Malone, nje ya nafasi zao, akienda pembeni mmoja anamfuata, pengo linabaki, Maxi au Aziz anaingia. Timu ya Mayele ilikuwa inamtafuta Mayele. Timu hii anaifungia yeyote aliye karibu, wafungaji wanne tofauti kwenye derby moja, sasa beki unajiandaa kumkaba nani? Mi hainisumbui nani kafunga.

Waliotoka benchi siwapi maksi, nimewapima walioanza tu.

Kocha wetu Gamondi 9. Alikuta timu imetoka kupoteza kocha Nabi, Mayele, Bangala, Djuma, Fei kaenda Azam, na watu walishasema Yanga kwisha. Huyu Muargentina hajalia lia, kajenga timu inayokimbia kuliko ya Nabi na inayopress juu. Upande wa pili kocha wa Simba Robertinho kashapewa thank you, yani katimuliwa, siku mbili tu baada ya mechi. Na hajafungwa hata mechi moja nyingine kwenye ligi msimu huu, ndo ukatili wa derby hii. Ila kumpanga kipa Manula akiwa ndo kwanza anatoka majeruhi kwenye mechi kama ile, mzee ulikuwa unawaza nini. Kwa kweli sio kosa la Manula, alikuwa anaachwa na watu uso kwa uso kila dakika.

Na wale mashabiki wa Simba wa "kwa Mkapa hatoki mtu", nilikuwa nawaangalia upande wao toka goli la nne, walitoka wengi tu na hakuna aliewazuia.

Sasa furaha pembeni. Mwezi uliopita tu, Oktoba, Ihefu alitupiga 2-1 kule Mbarali na timu ilikuwa ni hii, kwa hiyo wanaosema tunabeba kila kitu wapunguze. Tarehe 24 Novemba hii ya 2023 tunaanza makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa Belouizdad kulekule Algeria, kundi lina Al Ahly na Medeama, na Yanga makundi haya kabla ya msimu huu mara ya mwisho kucheza ni 1998, watu wengine humu hata hawajazaliwa. Waarabu hawatakuachia nafasi kama alizotuachia Simba kipindi cha pili. Swali langu kwa benchi la ufundi ni moja tu, Aucho akiumia au akila kadi nani anasimama pale? Kati ya viungo wetu wengine, Mkude bado hajawa fiti vya kutosha kwa macho yangu, Mauya ni mpambanaji ila pasi zake zinapotea, Sureboy ni fundi lakini sio mkabaji. Mechi za ligi ambazo tunaongoza mbili tatu mtoeni mapema Daktari apumzike, na Mkude apewe hizo dakika kuanzia mechi inayofuata, asije akaanza kuzitafuta Algiers.