Injini imekaa wapi? Swali la kuuliza kabla ya rangi na kilomita

Mtu akitafuta gari lililotumika kutoka Japani huanza na rangi, mwaka, kilomita na cc. Cc, yaani ukubwa wa injini, ina uzito wake, maana inaingia moja kwa moja kwenye kodi. Lakini kuna swali linaloamua gari litafika wapi wakati wa masika na utamlipa fundi kiasi gani huko mbele: injini imekaa wapi, na nguvu yake inakwenda kwenye matairi yapi?

Nimeipanga mipangilio mitano unayoikuta kwenye yadi zetu, kuanzia ule ninaompendekezea mtu wa mjini mwenye familia. Mwenye biashara ya mizigo au abiria aanze na namba tatu.

1. Mbele, imelala kwa upana, inavuta matairi ya mbele

IST, Vitz, Passo, Premio, Allion na Fielder ziko hapa, isipokuwa zile za 4WD, zinazosukuma kwa matairi yote manne. Fungua boneti: ukiona mikanda ya injini iko upande wa tairi badala ya kutazama rejeta, ndiyo yenyewe. Aliyeupa umaarufu mpangilio huu ni Alec Issigonis, mbunifu wa Mini ya Uingereza ya mwaka 1959. Aliilaza injini kwa upana ili karibu gari lote libaki kwa abiria na mizigo yao, na hicho ndicho unachokinunua mpaka leo. Hakuna propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, inayopita chini ya miguu ya watu, gari ni jepesi, mafuta yanakwenda kidogo. Ukipata yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 kasoro kidogo, taimingi yake (inayolinganisha mwendo wa valvu na pistoni) ni ya cheni, na spea zake zimejaa Gerezani, Dar es Salaam, na karibu kila mji wa mkoa. Kwa familia ya watu watano inayokwenda kazini, shuleni na kijijini mwisho wa mwaka, sioni sababu ya kutafuta kwingine.

Udhaifu wake uujue mapema. Matairi ya mbele yanavuta na yanakata kona, kwa hiyo yanakwisha haraka. Yabadilishane nafasi na ya nyuma kila kilomita 10,000 hivi. Halafu kuna mlima. Ukijaza watu na magunia nyuma kisha ukapanda njia ya udongo iliyolowa, uzito unarudi nyuma, pua inakuwa nyepesi na matairi yanazunguka palepale. Kwa anayeishi Lushoto ndani au milima ya Rungwe, hilo ni jambo la kila mvua.

Kabla hujatoa pesa, kata usukani mpaka mwisho, zima gari, piga magoti uchungulie nyuma ya tairi la mbele. Kuna mpira mweusi wenye mikunjo unaofunika kiungo cha shafti. Ukiwa umepasuka utaona grisi imerukia upande wa ndani wa rimu, nyeusi na imeshika vumbi. Maana yake mchanga umeshaingia. Sasa washa, endesha polepole usukani ukiwa bado umekatwa. Ukisikia tak-tak-tak inayoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, kiungo kimekwisha, na bei ishuke au uondoke. Fanya hivyo pande zote mbili, maana muuzaji mara nyingi amebadilisha upande mmoja tu, ule uliokuwa unapiga kelele.

2. Mbele, kwa urefu, inasukuma matairi ya nyuma

Mark II, Mark X, Crown. Hilux na Prado nazo injini zao zimekaa hivi, ila zina chesisi na bei ya peke yake. Gari hizi zinatulia barabarani, usukani ni mwepesi kwa sababu matairi ya mbele yana kazi moja tu, na ukipakia na kupanda mlima Kitonga uzito unaorudi nyuma unayakandamiza matairi yale yale yanayosukuma. Si ajabu Peugeot 404, iliyokuwa na mpangilio huu, ilishinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960, na 504 ikafuata mwaka 1975 na 1978.

Kilichoishusha hadi namba mbili ni gharama. Mark X ya cc 2,500 ina silinda sita, na foleni ya Dar es Salaam haina huruma na silinda sita. Atakayekaa katikati nyuma atapandisha miguu juu ya tuta la propela. Ukiikagua, kanyaga breki, hamisha gia kutoka D kwenda R na kurudi. Kishindo chini ya sakafu kinakuambia viungo vya propela au difu vimechoka.

3. Chini ya viti vya mbele, inasukuma nyuma

Kwa biashara huu ndio wa kwanza, na wala sisiti. Hiace, Noah ya zamani na kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo kama Suzuki Carry, zote zimejengwa hivi, na sababu inaonekana kwa macho: injini haichukui urefu wa gari, kwa hiyo nafasi yote iliyobaki nyuma ni ya kuingiza pesa.

Kuwa makini sana na jina Noah. Ile ya SR40 na SR50, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1996, injini iko chini ya kiti cha dereva na abiria wake, na nguvu inakwenda nyuma (SR50 ni ya 4WD, kwa hiyo na mbele pia). Ile ya AZR60 iliyoanza mwaka 2001 injini imehamia mbele kabisa, imelala kwa upana na inavuta mbele. Ni gari mbili tofauti zenye jina moja. Anayetaka ya kubeba watu wengi njia ya vumbi akaletewa AZR60 ameletewa gari la familia. Soma namba ya chesisi mwenyewe, usitegemee maneno ya dalali.

Kirikuu ni ya darasa la Kijapani lenye injini isiyozidi cc 660, na kwao inaruhusiwa kubeba kilo 350. Huku tunaipakia mara mbili na zaidi, kisha tunailaumu ikichemsha.

Shida nyingine ni joto na ufundi. Ili kuiona injini lazima kiti kiinuliwe, kwa hiyo madereva wengi hawaangalii maji wala oili mpaka gari lizime. Na mbele yako hakuna injini, kuna bati na kioo. Ajali ya uso kwa uso inaanzia kwenye magoti ya dereva. Anayemwajiri kijana kuendesha gari hili amfungie mkanda unaofanya kazi.

4. Injini bapa ya Subaru

Injini iko mbele, silinda zimelala kulia na kushoto, uzito uko chini, na matairi yote manne yanasukuma. Kwenye matope na kona, Forester inashika njia vizuri kuliko gari nyingi za bei yake. Lakini plagi zimebanwa ubavuni karibu na chesisi, na EJ20 hutumia mkanda wa taimingi. Ukikatika, valvu zinaweza kugonga pistoni. Nunua kama una fundi wa Subaru unayemjua kwa kazi yake. Matairi yote manne yawe ya saizi moja na yamelika sawasawa, vinginevyo unaiua difu ya kati.

5. Injini nyuma

Volkswagen Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1962 na injini yake nyuma, kwa hiyo si mpangilio dhaifu: tope haliutishi. Kwa mnunuzi wa leo utakutana nao zaidi kwenye Subaru Sambar, kigari cha mizigo ambacho Subaru wenyewe waliacha kukitengeneza mwaka 2012. Kwa nje kinafanana na kirikuu. Chungulia chini ya bodi, nyuma ya ekseli ya nyuma, uone kama injini iko huko kabla hujakubali bei, kisha pigia maduka mawili ya spea uulize gasketi ya silinda hedi yake. Wakikujibu "tuagize", tafuta Suzuki Carry.