UVIKO wa muda mrefu: uanzie zahanati au uende moja kwa moja Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa?

Hapa Kigoma hili swali haliishi. Mtu kaugua korona, miezi mitatu imepita na bado pumzi inakata akipandisha kutoka mwaloni na beseni la dagaa, usingizi hauji, anasahau hata alichotumwa.

Kwa gharama zahanati inashinda, nauli huna haja. Kwa vipimo Maweni iko mbele, picha ya kifua na kipimo cha moyo utapata. Ila jamani hakuna kipimo kimoja cha kusema ndo huu, lazima kwanza waangalie TB, damu kupungua, sukari, na mengi ya hayo yanaanzia hapohapo zahanati.

Ufuatiliaji ndo mzito zaidi kwangu, maana dawa maalumu ya kuumaliza haipo, unapangiwa kazi kidogokidogo na kupumzika kabla hujachoka, wengine wakijilazimisha leo kesho hawaamki, sasa nesi anayekujua ndo atagundua unazidi au unapona.

Uko Uvinza ndani na ni uchovu tu? Anza zahanati. Kifua kinabana, unazimia, midomo imekuwa ya bluu? Hospitali leoleo, usingoje rufaa.