Kupimiwa taimingi ya kamshafti Ngamiani: uzoefu wangu na Datsun 160J

Datsun yangu yenye injini ya L16 ilifunguliwa na kufungwa upya katika gereji nyingine hapa Tanga, ikarudi ikiwa na mlio mzuri lakini haina nguvu kwa mzunguko wa chini; ukikanyaga mafuta sana inaamka, ila kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kulidai gia ya kwanza mahali ambapo zamani ya pili ilitosha. Aliyeifunga alisisitiza kwamba alama zote za taimingi, yaani za kupanga wakati wa valvu kufunguka na kufunga, zinalingana, na kweli zilikuwa zikilingana. Ndipo nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Ngamiani ambaye hutoza fedha kwa kupima taimingi, hata kama hatafungua kitu kingine.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, ilisawazishwa kwa mashine. Nilipojibu ndiyo, akaeleza kuwa hedi ikipunguzwa unene, kamshafti (shafti inayofungua valvu) husogea karibu na krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni), cheni inayoziunganisha hulegea, na tensheni, yaani kikaza cheni, inapokula ulegevu huo kamshafti hubaki nyuma kidogo, hivyo valvu hufunguka na kufunga zikiwa zimechelewa. Cheni iliyorefuka kwa uchakavu huleta matokeo yaleyale.

Upimaji wenyewe ndio ulionifanya nione thamani ya fedha yangu. Alifunga diski ya nyuzi 360 kwenye pulei ya krenki, akaweka bolti ya kuzuia pistoni katika tundu la plagi namba moja, akazungusha injini kwa mkono taratibu hadi pistoni ikagusa, kisha akairudisha upande wa pili hadi ikagusa tena. Katikati ya namba hizo mbili ndipo pistoni inapokuwa juu kabisa, na wala hakuiamini alama ya pulei. Baada ya kuondoa bolti alitumia geji ya mshale juu ya valvu ya kuingiza hewa, akizungusha kwa mwelekeo wa kawaida tu ili cheni isilegee na kudanganya namba. Akachukua vipimo viwili, kabla na baada ya valvu kufunguka kikamilifu, katika kina kilekile, akatafuta katikati yake. Kamshafti ilikuwa imechelewa.

Waliobuni injini hii walilifikiria jambo hilo mapema: sproketi, yaani gurudumu la meno la cheni, ya kamshafti ina matundu matatu ya pini, na kutoka tundu la 1 kwenda la 2 huiwahisha kamshafti kwa nyuzi 4 za krenki. Alishikilia cheni kwa kabari ya mbao ili tensheni isichomoke, akahamishia tundu la 2, akalinganisha alama namba 2 ya sproketi na kiungo chenye alama, kisha akapima upya, hatua ambayo wengi huiruka. Alikiri kwamba kuinua minara inayoshikilia kamshafti kwa vipande vya chuma vyenye unene sawa na ule uliosuguliwa kwenye hedi ni tiba bora zaidi, lakini hakuwa navyo.

Gari sasa linavuta kuanzia chini. Kasoro ninayoiona ni kwamba hatoi karatasi ya vipimo. Nilipodai, aliziandika namba juu ya boksi la gasketi, jambo lisilofaa kwa kazi ya kiwango hiki na kwa bei anayotoza. Bei hiyo, hata hivyo, inajumuisha kurudi kukaza hedi na kurekebisha nafasi za valvu, milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutolea moshi injini ikiwa ya moto, kwa hiyo atakayekwenda aulizie huduma hiyo kabla ya kulipa.