Robin of Sherwood: hapa stelingi anakufa kweli

Wiki iliyopita nimemaliza Robin of Sherwood yote, sizoni tatu, episodi 26, na nasema wazi hii ndo Robin Hood (yule mwizi wa hadithi za Kiingereza anayewaibia matajiri awape maskini) bora niliyowahi kuona na nimeona nyingi tu. Ni tamthilia ya zamani ya Uingereza, ilionyeshwa kituo cha ITV kuanzia 1984 hadi 1986, mtunzi wake Richard Carpenter. Dada yangu yuko Leicester, alivyokuja likizo akaniletea boksi la DVD la mtumba maana anajua mambo ya mapanga na mishale nayapenda toka utotoni.

Kwanza niwape tahadhari mnaotaka kuagiza. Diski za Uingereza ni za kanda (region) namba 2, sisi huku tupo kanda namba 5, kwa hiyo deki yangu ilizikataa kabisa hadi nikaipeleka kwa fundi akaifungua, sasa inasoma za kanda zote. Halafu diski moja ina mikwaruzo, aliyemuuzia dada alimwambia ziko kama mpya na sio kweli, kuna episodi inagandaganda katikati kabisa ya pambano na inaumiza roho. Mwambie muuzaji akupigie picha za diski upande wa chini kabla hujatoa hela.

Sasa tuje kwenye yenyewe. Inaanza na kijana Much kaua paa wa mfalme, na enzi hizo za Wanormani hilo lilikuwa kosa kubwa hata kama una njaa, basi anakamatwa yeye na Robin, wanatupwa shimoni na humo ndo Robin anakutana na wenzake. Ila kitu kilichonishika ni Herne. Huyu anatokea msituni kwenye ukungu kavaa kichwa cha mnyama chenye mapembe, ndiye anamchagua Robin na kumpa kazi ya kuwasimamia wanyonge. Sisi tuliokulia kwenye kuambiwa msitu una wenyewe hatuhitaji kuelezwa hapo, nywele zinasimama zenyewe, na ule muziki wa Clannad, wale wa Ireland, ukianza tu taratibu unajua kuna jambo. Muziki huo ulipata tuzo ya BAFTA, ile ya filamu na TV ya Uingereza, na ni haki yao.

Nimeangalia na mzee wangu, na yeye mtu wake ni Nasir. Huyu ni Mwislamu aliyeletwa Uingereza toka Mashariki, anapigana na panga mbili, haongei kabisa, episodi nzima anaweza kusema neno moja au asiseme. Kwenye mpango wa mwanzo alitakiwa afe mapema tu, lakini watengenezaji wakampenda muigizaji Mark Ryan wakambakiza, na toka hapo Robin Hood nyingi zilizofuata nazo zikaweka Mwislamu kwenye kundi. Kila Nasir akichomoa panga baba alikuwa anakaa sawa kwenye kochi. Ray Winstone kama Will Scarlet naye ni moto, mkewe aliuliwa na askari kwa hiyo hasira yake unaiamini, sio ya kuigiza. Na adui yao Sherifu wa Nottingham, Nickolas Grace, jamani yule mtu anavyomfokea msaidizi wake Gisburne!

Ambaye hajaiona aruke aya hii. Utotoni kibanda cha video tulikuwa tunaambiana stelingi hafi, hata apigwe vipi atanyanyuka. Mwisho wa sizoni ya pili Robin anawatanguliza mkewe Marion na Much wakimbie, anabaki peke yake kilimani kazungukwa na askari, mishale inaisha, anavunja upinde wake. Na anakufa, hanyanyuki. Kumbe Michael Praed alikuwa anaondoka kwenda kuigiza Marekani, wengine wangeweka sura mpya wakajifanya hakuna kilichotokea, hawa wakaamua wamzike kwa heshima halafu Herne akachagua mtu mwingine kabisa, Robert wa Huntingdon, mtoto wa mkubwa, anaigizwa na Jason Connery. Yaani Robin hapa ni kama kiti, aliyekalia akiondoka kazi haifi, mwingine anakaa. Mi naona hilo ndo wazo zuri kuliko yote humo, na kwenye Robin nyingine sijaliona.

Sizoni ya tatu ina episodi 13 na kuna ambazo zinajivuta sana, sitaficha. Na mwisho wake unauma kwa sababu Marion anabaki kwenye nyumba ya watawa na hela ya kuendelea ikakosekana, sizoni ya nne haikutengenezwa, basi.

Mzee hiyo ya tatu kagoma, aliona episodi moja akasema huyu mtoto simjui. Jana kaniomba turudie sizoni ya pili toka mwanzo, ila tukifika ile ya kilimani nizime.