Kilisun, losheni ya jua ya KCMC: maoni ya mama mwenye mtoto mwenye ualbino

Wadau naombeni niiongelee hii losheni ya Kilisun, maana kila siku naona wazazi wanaulizana losheni za kutoka nje zenye bei ya kukata maini na hii inayotengenezwa hapahapa Moshi hawaijui kabisa. Inatengenezwa hospitali ya rufaa ya KCMC, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi (RDTC), alieanzisha ni mfamasia wa Kihispania Mafalda Soto na kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani wamechangia utaalamu. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na wanagawiwa bure kliniki. Mwanangu yuko darasa la nne, ndio anayoitumia, na kiukweli naipenda sana.

SPF yake, yaani kipimo cha nguvu ya kukinga jua, ni 30 na kitu, sasa kuna watu wakisikia 30 wanaona ndogo wanataka 50. Jamani, SPF 30 ukiipaka vizuri inazuia karibu asilimia 97 ya ile miale inayounguza, 50 inazuia kama 98, yaani hapo unagombania asilimia moja wakati shida kubwa ni kwamba watu wanapaka kidogo mno kama wanapaka mafuta ya kung'aa. Kwa mtu mzima, uso na shingo tu vinataka losheni ya kujaa vidole viwili kuanzia shina hadi ncha. Alafu msiruke masikio, juu kabisa pale kwenye ukingo na nyuma yake, kisogo, na mdomo wa chini, maana vidonda vya jua vinapenda sana kuanzia huko. Mwanangu nampaka kabla hajavaa sare ili mpaka anatoka nyumbani iwe imeshashika, na anayo nyingine kwenye begi anarudia kila baada ya masaa mawili akiwa nje. Haimwashi machoni hata akitoka jasho, na kwa mtoto hilo ni jambo kubwa sana kwasababu ikiwasha tu hapaki tena.

Ila losheni peke yake haitoshi, naomba hili lieleweke. Shati la mikono mirefu, kitambaa ukikiinua kwenye mwanga usione upande wa pili, na kofia pana ya kuzunguka kote sio kapelo, kapelo inaacha masikio na shingo vinaungua. Nilienda shuleni nikaongea na mwalimu mkuu, akakubali avae kofia hadi mstarini na michezo ya saa sita akae kivulini. Nendeni mkaongee, walimu wengi hawajui tu.

Sasa kuna wanaouliza kama inatibu ngozi iliyokwisha kuharibika. Hapana, inakinga. Ngozi iliyoharibika inatibiwa kliniki. Mwanangu alitoka kagamba juu ya sikio, kagumu, ukikagusa kama msasa, kakibanduka kanarudi. Daktari alivyokaona tu akasema, "Mama, hiki tukigandishe leoleo." Wanapulizia naitrojeni ya kimiminika, baridi kali, mtoto alilia kidogo, pakatoka lengelenge, pakakauka, gamba likadondoka lenyewe. Vigamba hivyo vikiachwa vingine vinageuka saratani ya ngozi, kwaiyo kidonda kikikaa mwezi hakijapona usisubiri, mpeleke. Wakati huohuo dada mmoja wa duka la vipodozi alitaka kuniuzia krimu eti "inarudisha ngozi upya", kopo halina hata orodha ya viambato na limepangwa dirishani linapigwa jua kutwa nzima! Inaniuma sana, maana mzazi asiyejua ananunua na kidonda kinaendelea kukua chini ya krimu. Na hata losheni nzuri ukiiacha juani inapoteza nguvu, iwekeni mahali pa baridi.

Wenye ngozi nyeusi mnaouliza kama mnaweza kutumia, ndio mnaweza, jua linaongeza madoa usoni na losheni ya jua inasaidia, ila nunueni nyingine famasi, hii tuwaachie wanaoihitaji ili waishi. Wenye watoto wenye ualbino ulizieni kliniki ya ngozi hospitali ya mkoa wenu au tawi la TAS (chama cha watu wenye ualbino Tanzania) lililo karibu, na mkienda mwambieni daktari amkague mtoto mwili mzima, avue na viatu, asiishie usoni.